1+1, 1:N au ringi: uchague akiba gani kwa laini ya Tabora na Kigoma

Ukitaka laini ya data isiyokatika kati ya Tabora na Kigoma, muuzaji atakutajia milisekunde 50 kabla hujakaa vizuri. Faiba ikikatika, atasema, mtambo unahamia wenyewe kwenye njia ya akiba ndani ya milisekunde 50, na aliye kwenye simu hatajua kilichotokea. Anasema kweli. Ni kiwango cha tangu enzi za SDH, mfumo wa zamani wa kusafirisha data kwenye faiba: pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, namba G.841 linataka mtambo uwe umeshahama ndani ya muda huo, ukihesabu tangu hitilafu ilipogunduliwa. Lakini karibu kila mfumo wa akiba wa daraja hilo unaouzwa leo unazifikia hizo milisekunde 50, kwa hiyo hazikusaidii kuchagua. Mfumo na mfumo vinatofautiana kwa mambo mengine: njia ya akiba unashirikiana na nani, nani anaamua kuhama, na kama njia zako mbili zinaweza kukatwa na katapila moja.

Hilo la mwisho ndilo nitakalolisimamia zaidi, kwa sababu huku magharibi ndilo linalotuumiza.

1+1 na 1:1

Katika 1+1, mtambo wa Tabora unatuma data ileile kwenye njia zote mbili, usiku na mchana. Mtambo wa Kigoma unapokea nakala mbili, unazipima, unachukua iliyo safi. Njia ya kazi ikifa, Kigoma inageukia nakala ya pili ambayo tayari imefika mlangoni. Haiulizi Tabora, wala haisubiri jibu. Ndiyo maana 1+1 ya upande mmoja, ambapo kila mpokeaji anajiamulia, ina vitu vichache mno vya kuharibika. Mitambo haizungumzi, kwa hiyo haiwezi kutoelewana.

Gharama yake iko wazi. Unalipia uwezo mara mbili na kuutumia mara moja. Ukikodi STM-1 ya megabiti 155 kwa sekunde, unakodi na ya pili ya ukubwa huohuo, na hiyo ya pili huwezi kuibebesha kitu kingine maana imeshajaa nakala.

1:1 inajaribu kuiokoa pesa hiyo. Data inapita njia moja tu. Ya pili inakaa tupu, au inabebeshwa mzigo usio na haraka: nakala za usiku za hifadhidata, picha za kamera za ulinzi, masasisho ya programu. Njia ya kazi ikikatika, mzigo huo unatupwa nje na data muhimu inachukua nafasi yake. Hapa ndipo mazungumzo yanapoingia, kwa kuwa anayegundua hitilafu ni mpokeaji na anayepaswa kuhama ni mtumaji, aliye mbali. Kwenye SDH mazungumzo hayo yanapitia baiti mbili ndani ya njia ya akiba. K1 inabeba ombi, uzito wake na namba ya laini inayoombewa. K2 inabeba namba ya laini iliyokwisha kuhamishwa, na pia inataja kama mpangilio ni 1+1 au 1:N, nitakayoieleza chini.

Wengine huiogopa 1:1 kwa sababu ya umbali. Woga huo hauna msingi kwetu. Mwanga ndani ya faiba unakata takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, na kutoka Tabora hadi Kigoma kwa reli ni kama kilomita 400. Ombi linachukua milisekunde mbili kwenda na mbili kurudi. Kinachoiangusha 1:1 ni usanidi. Mtambo wa huku umewekwa 1:1 na wa kule 1+1, au mmoja wa upande mmoja na mwenzake wa pande mbili. Alamu ya kutolingana inawaka, hakuna anayeisoma kwa sababu mtandao unapita vizuri, na siku faiba inapokatika kuhama kunashindikana.

Kwa mwenye laini moja inayobeba mambo ya watu, kama hospitali ya mkoa inayotuma picha za eksirei kwa daktari bingwa, au SACCOS ambayo wakulima wa tumbaku wa Urambo wanasubiri malipo yao hapo, mimi nachagua 1+1 bila kusita. Mwenye mzigo mkubwa wa usiku usio na haraka, na fundi wa kudumu anayesoma alamu kila siku, 1:1 itamrudishia sehemu ya pesa yake.

1:N inapofaa, na pasipofaa kabisa

1:N ni laini moja ya akiba inayozilinda laini kadhaa za kazi. SDH inaruhusu hadi 14. Kwenye karatasi inavutia: badala ya kulipia akiba 14, unalipia moja. Halmashauri na watoa huduma wadogo wa intaneti huipenda kwa sababu bei inashuka sana.

Lakini hesabu yote ya 1:N imesimama juu ya dhana moja, kwamba laini hazifi pamoja. Ndani ya kituo dhana hiyo ni ya kweli. Kadi hufa peke yake. Leza huchoka peke yake. Kiunganishi huingia vumbi, na vumbi la kiangazi cha Tabora kila fundi analijua. Ukiwa na kadi nane za E1 (laini za megabiti 2) kwenye rafu moja, kadi ya tisa ya akiba ni uamuzi wa busara, nami ningelaumu anayenunua nane za ziada.

Nje ya kituo dhana hiyo inavunjika. Laini zako zote ziko ndani ya kebo moja, kebo iko kwenye mtaro mmoja, na mtaro unafuata barabara moja. Katapila likikata kebo ya nyuzi 24, zimekwenda zote 24, na ya akiba ikiwamo. Hata kama ulikuwa makini ukaipitisha akiba njia nyingine, itaokoa laini moja tu kati ya 14. Ipi? Hitilafu zikiwa za uzito sawa, itifaki inampa nafasi mwenye namba ndogo. Kwa hiyo kama 1:N umeshaikuta na huwezi kuibadilisha mwaka huu, angalau hakikisha laini ya hospitali ndiyo namba 1, si ile iliyounganishwa kwanza kwa bahati.

Na kuchimba kuko kwingi. Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506 ukijumlisha njia za kupishania, ulisainiwa Desemba 2022. Maji ya Ziwa Victoria yameletwa Tabora kwa mabomba. Barabara zinatanuliwa na kuwekwa lami. Yote ni mambo mema tuliyoyasubiri miaka mingi, na kila moja huja na mashine inayochimba pembeni mwa barabara, palepale faiba inapolala.

Hesabu ndogo inayobadilisha uamuzi

Chukua njia mbili, kila moja iwe hai asilimia 99.5 ya muda. Ni mfano wa kukokotoa tu, si takwimu ya mtu yeyote. Njia moja peke yake inakuwa imekufa karibu saa 44 kwa mwaka. Njia mbili zisizohusiana hata kidogo zinakuwa zimekufa kwa pamoja kama dakika 13 kwa mwaka. Tofauti hiyo, saa 44 dhidi ya dakika 13, ndiyo inayouzwa.

Sasa sema robo ya hitilafu za njia hizo zinatokea mahali zinapopita pamoja: daraja moja, mtaro mmoja wa kuingilia mjini, umeme mmoja wa kituo. Robo ya saa 44 ni saa 11. Saa 11 hizo akiba haizigusi, iwe 1+1, iwe 1:1, iwe imehama kwa milisekunde 50 au kwa tano. Umelipa mara mbili na kutoka kwenye saa 44 umefika saa 11, wakati ulidhani umenunua dakika 13.

Ndiyo maana nasema ramani ije kabla ya mtambo. Kutoka Kigoma kwa nchi kavu bila kutoka nchini, njia kubwa ni chache. Ya mashariki inapita Uvinza, inavuka Malagarasi, inakwenda Kaliua, Urambo hadi Tabora. Ya kaskazini inapita Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, kisha unashuka kupitia Kahama na Nzega hadi Tabora. Ya kusini inatokea Uvinza kwenda Mpanda, kwa hiyo mwanzo wake inashirikiana na ile ya mashariki. Atakayekuuzia njia mbili na zote zikawa za mashariki, moja kando ya barabara na nyingine kando ya reli, muulize zinavukaje Malagarasi. Mto ule na mabonde yake si wa kurukwa popote. Kebo hutafuta daraja. Kama zote mbili zimebebwa na Daraja la Kikwete, una njia moja na risiti mbili. Muulize pia zinaingiaje mjini. Kilomita mbili za mwisho kuelekea kituo cha mitambo ndizo zenye ujenzi mwingi kuliko pori lote la katikati.

Kuwa na waendeshaji wawili si ushahidi wa njia mbili. Kampuni nyingi zinakodi uwezo kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL, kwa hiyo mikataba miwili yenye nembo tofauti inaweza kuishia kwenye kebo ileile. Omba orodha ya vituo njia inapopita, kwa maandishi, na iwe sehemu ya mkataba pamoja na sharti kwamba haitahamishwa bila wewe kuarifiwa. Mtoa huduma asiyetaka kuitoa amekujibu.

Tarehe 12 Mei 2024 nchi nzima ilionja jambo hili kwa ukubwa wake. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika siku moja kwenye pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikaanguka vibaya. Ilikuwa mikongo miwili ya wamiliki wawili, lakini ilipita sehemu moja ya bahari.

Ringi

Kwa mwenye vituo vingi vya kuhudumia, ringi, yaani vituo vilivyounganishwa kwa duara, ndiyo yenye akili kuliko zote, maana kila kituo kinapata pande mbili za kutokea bila kununuliwa laini mbili za peke yake. Kasulu inaweza kutoka kwa Kigoma au kwa Kibondo. Kebo ikikatika popote, data inazunguka upande wa pili.

Kwenye SDH ringi ya aina ya kushirikiana akiba inabeba hadi vituo 16, kwa kuwa namba ya kituo ndani ya baiti za K ina biti nne tu. Kwenye Ethaneti pendekezo ni G.8032: kiungo kimoja cha ringi kinafungwa makusudi ili data isizunguke bila mwisho, na kebo ikikatika kwingine kiungo hicho kinafunguliwa. Ahadi yake ya milisekunde 50 inahusu ringi yenye vituo chini ya 16 na mzunguko chini ya kilomita 1,200. Ukiuzungusha mstari wa Kigoma, Kasulu, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Tabora na kurudi Kigoma, unapata takriban kilomita elfu moja. Bado inaingia, ila kwa shida, na ukianza kuongeza vituo vya wilaya humo katikati utavuka idadi. Bora ringi kuu yenye vituo vichache, na ringi ndogo za pembeni zilizoshikwa na vituo viwili vya ile kubwa.

Udhaifu wa ringi ni kukatika mara mbili. Mkato mmoja unaivumilia. Wa pili, kabla ya kwanza kuungwa, unawatenga wote walio katikati. Na hapa masika yanaingia kwenye hesabu. Kama timu ya kuunga faiba inachukua siku nzima kufika mahali penye tope, basi kwa siku nzima ringi yako ni mstari tu. Kwa hiyo anayenunua ringi anunue na muda wa matengenezo: mafundi wawe wapi, na kebo ya kuungia iwe kwenye ghala gani. Ghala la Dar es Salaam halimsaidii mtu wa Kibondo.

Jambo moja la kukataa: ringi iliyojengwa kwa swichi za kawaida zenye spaning-trii ya zamani, itifaki ya kuzuia data isizunguke bila mwisho. Inafanya kazi, lakini kuhama kwake ni sekunde 30 hadi 50. Mitambo ya simu huanza kukata mazungumzo yote laini ikipotea sekunde mbili tatu, seuze nusu dakika.

Ofisi ndogo: iachie ruta

Duka la dawa, shule, ofisi ya wakili, hawahitaji lolote la hayo hapo juu. Faiba moja, modemu ya mtandao wa simu au VSAT (dishi la setilaiti), na ruta inayojua kuhama. Kuhama kwa sekunde chache kunawatosha.

Tatizo ni kwamba ruta nyingi huangalia mlango wake tu. Kebo fupi kati ya ruta na kisanduku cha ukutani ni nzima, taa ya kijani inawaka, ilhali faiba imekatika Uvinza. Ruta haihami. Iwekwe ipime kitu cha mbali, kila sekunde chache, kwa kupitia laini yenyewe. Ukitumia OSPF, itifaki ya ruta kujulishana njia, kwa mpangilio wake wa kawaida, itangoja sekunde 40 kabla ya kukubali kwamba jirani amekufa. Ukiiongezea BFD, kipimo cha haraka cha kujua kama jirani yu hai, inashuka chini ya sekunde moja.

Ukichagua modemu ya simu kama akiba, uliza mnara unaoutegemea unalishwa na nini. Ukiwa unalishwa na faiba ileile iliyokatika, modemu itaonyesha vipimo vyote vya ishara na haitafungua ukurasa hata mmoja. VSAT haina tatizo hilo, kwa sababu setilaiti haipiti Malagarasi. Ila iko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde, na mazungumzo ya simu yatakuwa ya kupokezana. Kwa malipo na barua pepe ni sawa kabisa.

Faiba na maikrowevu pamoja

Kwa laini muhimu, mchanganyiko ninaoupenda ni faiba kwa kazi na maikrowevu, yaani redio ya mnara kwa mnara, kwa akiba, kwa sababu vinauawa na vitu tofauti. Katapila haligusi hewa. Mvua kubwa haigusi faiba iliyofukiwa vizuri.

Uamuzi unategemea umbali. Kigoma hadi Kasulu kwa mstari wa hewani ni kilomita 60 na ushei; mnara mmoja wa katikati unatosha kama kilima ni kizuri, na akiba hiyo inajilipa. Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 350 hewani, yaani minara minane hadi kumi ikiwa kila mruko, mnara hadi mnara, ni kilomita 40. Kila mnara unataka umeme, betri, kinga ya radi, mlinzi na dizeli, na mmoja ukizima njia yote imekufa. Kwa umbali huo ningependa zaidi faiba ya pili ya upande wa kaskazini, au faiba iliyo ndani ya waya wa juu wa nguzo za umeme wa msongo mkubwa pale inapopatikana, kwa sababu nayo haiko mtaroni. Masafa nayo yaangaliwe: juu ya gigahezi 10 mvua inaanza kula ishara, kwa hiyo miruko mirefu iwe kwenye 7 au 8. Na mruko unaokatiza juu ya maji ya Ziwa Tanganyika unahitaji antena mbili za kupokea kwa urefu tofauti, maana maji yanaakisi mawimbi na ishara inajipinga yenyewe.

Kurudi

Muda wa kurudi kwenye njia ya kazi hujadiliwa kidogo mno. Mfumo wa kurudi wenyewe husubiri kwanza, kwa SDH dakika 5 hadi 12, ili kuhakikisha njia imepona. Faiba inapoungwa katikati ya mvua, nyuzi huwaka na kuzima mara nyingi kabla hazijatulia, na dakika 5 ni chache. Weka 12. Kama ni 1+1 yenye njia mbili zilizo sawa, zima kurudi kabisa. Mtambo ubaki ulipo mpaka fundi aseme. Kwa 1:N huna hiari hiyo, kurudi ni lazima ili akiba iachiwe wengine.

Ukiwa na akiba ya faiba chini na ya ruta juu, ipe ya juu muda wa kungoja, kama milisekunde 100 au 200, ili ya chini imalize kazi yake kwanza. Zisipopangwa hivyo zote mbili zinahama kwa wakati mmoja, na mtandao unayumba kwa sekunde kadhaa kwa hitilafu ambayo ingepita bila mtu kuijua.

Kabla ya kusaini hati ya makabidhiano, omba faiba ya kazi ichomolewe mbele yako, mchana, mzigo ukiwa unapita. Kisha irudishwe, kisha ichomolewe ya upande wa pili, kwa kuwa kuhama kutoka Tabora kwenda Kigoma kunaweza kufaulu na kwa kurudi kushindikana. Mwisho omba uzi mmoja tu uchomolewe kati ya ile miwili ya kutuma na kupokea. Hapo ndipo usanidi usiolingana unapojitokeza. Jaribio hilo lirudiwe kila mwaka mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, na liandikwe kwenye mkataba kama kazi ya mtoa huduma.